Nimeambiwa mlango wa kizazi umechubuka, nichomwe au niache? Naombeni ushauri

Waridi la Mbagala: Habari za jioni wakuu. Nina miaka 29, nimeolewa mwaka wa pili huu na sijawahi kushika mimba. Naishi na mume wangu, hatutumii kinga. Miezi minne sasa tukimaliza tendo naona damu kidogo, na uteute unanitoka kila siku. Zahanati moja huku kwetu wameniangalia wakasema mlango wa kizazi una kidonda, nikichelewa sitazaa. Nichomwe hicho kidonda kiungue, pamoja na sindano saba, jumla 380,000. Waliowahi kuchomwa, mlipata watoto? Sina amani kabisa.

Fundi Bomba: Ngoja waje wenye ujuzi. Mimi bomba ninazozijua ni za inchi moja tu.

Ukweli Mchungu: Usichanani mlimeza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kama karanga, leo kizazi kimegoma mnakuja kutulilia. Anza na toba.

Nesi wa Zamu: P2 haihusiki hapa, acha kumtisha mtoto wa watu. Mdogo wangu, hicho wanachokiita kidonda mara nyingi si kidonda. Ngozi laini nyekundu ya ndani ya mlango wa kizazi imetokeza nje, basi. Tunaiona kwa wasichana, kwa wajawazito, kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Inaweza kutoa damu ikiguswa na kuongeza ute, lakini yenyewe haizuii mimba, na wengi hatuwatibu chochote. Sasa nijibu: umepimwa kwa siki, kile kipimo cha kuangalia dalili za mwanzo za saratani ya mlango wa kizazi? Umepimwa kisonono na klamidia? Kuna kitu unajiwekea huko ndani?

Shangazi wa Tanga: Mimi 1994 nilikunywa mizizi hadi mkojo ukabadilika rangi. Mawifi wananisema, mama mkwe ananitafutia mke mwenza. Siku mume alipokubali kupima mbegu, ikaonekana shida ni yake tangu zamani. Mawifi wakanyamaza kimya kama wamemwagiwa maji. Mwanamke usikubali kubebeshwa peke yako.

Waridi la Mbagala: Asante shangazi. Vidonge niliacha mwaka jana mwezi wa tatu. Siki sijapimwa. Ila nauliza tena, aliyechomwa alizaa?

Mama Watatu: Mimi nilichomwa, ile ya baridi, tiba mgando. Dakika chache tu, tumbo likanivuta kama hedhi, kisha maji yakanitoka wiki tatu. Baada yake nimezaa wawili. Ila mimi siki ilionyesha weupe, ndiyo maana nikatibiwa, hawakunichoma kwa kuangalia tu.

Nesi wa Zamu: Waridi, swali langu la tatu umeliruka.

Waridi la Mbagala: Natumia shabu. Kungwi wangu alinipa kabla ya harusi, kipande kidogo naloweka najisafishia. Si kila siku jamani, ni siku mume anapokuja tu. Na huku mtaani nani hatumii?

Nesi wa Zamu: Anapokuja? Anatoka wapi?

Waridi la Mbagala: Yuko mgodini Geita. Wiki sita kule, siku nane nyumbani.

Ukweli Mchungu: CHAI HII! Post ya kwanza "naishi na mume wangu", sasa mume yuko Geita. Wiki jana kuna ID ilileta kidonda hiki hiki, mume dereva wa Tunduma. Subirini, sasa hivi anaingia mwenye dawa.

Tabibu Asilia: Dada pole, kidonda kinaisha siku 14 bila kuchomwa, mirija inafunguka yenyewe. Njoo PM.

Ukweli Mchungu: Si niliwaambia?

Fundi Bomba: Hahaha, mirija inafunguka yenyewe! Mkuu, hata mimi natumia spana.

Mama Watatu: Na mimi naanza kuwa na wasiwasi. Waridi na Tabibu ni mtu mmoja?

Waridi la Mbagala: Simjui huyo na PM siendi. Nilificha habari ya Geita kwa sababu nikisema mume yuko mgodini mtaanza michepuko, michepuko. Ndicho anachoniimbia dada yangu kila siku. Naandika nimejifungia chooni, mama mkwe yuko sebuleni. Na sitanii, kianzio 200,000 nimeshalipa. Nachomwa Jumamosi. Nilitaka tu mtu aniambie nimefanya vizuri.

Nesi wa Zamu: Chai au si chai mimi najibu, maana wanaosoma kimya ni wengi. Tunapomwambia mtu achunguzwe ugumba, huwa ni baada ya mwaka mzima wa kukutana mara kwa mara. Nyie miaka miwili hamjafikisha hata siku 120 pamoja. Siku za kushika mimba ni kama sita kwa mzunguko, na ziara nyingine zinaangukia pembeni kabisa. Shabu inakausha na kuchubua, na damu unaiona siku hizo hizo, iache leo. Kinachoziba mirija mara nyingi ni maambukizi yaliyopanda juu, kwa hiyo klamidia na kisonono mpime wote wawili. Ni kipimo, simtukani mumeo. Lakini damu baada ya tendo usiinyamazie, siki upimwe, maana saratani nayo huanza hivyo hivyo. Mume anaingia lini?

Waridi la Mbagala: Jumatatu.

Nesi wa Zamu: Akichomwa mtu, tendo anaacha kama wiki nne. Walikwambia?

Waridi la Mbagala: Hapana.

Shangazi wa Tanga: Siku nane zote mtaangaliana kama picha ya ukutani.

Waridi la Mbagala: Lakini yule daktari ana cheti ukutani, na aliongea na mimi vizuri. Na hela ya watu nimeshaitoa.

Mama Watatu: Nenda kadai.

*(kesho yake)*

Waridi la Mbagala: Nimeenda. Kianzio hakirudi, wanasema labda nichukue huduma nyingine ya thamani hiyo. Alhamisi naenda hospitali ya wilaya kupimwa siki.

Fundi Bomba: Chukua ya kung'oa jino.

Waridi la Mbagala: Tena ninalo moja bovu.