Nyama haiharibikii Seronera kule Serengeti, inaharibikia yadini Arusha. Wenye kampuni acheni kuwabebesha wapishi lawama

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni kwa wenye kampuni za safari za kambi zinazotoka Arusha, na kwa wale wasimamizi wa yadi wanaogawa vifaa. Kila msimu ni yale yale. Siku ya nne kuku ananuka, maziwa yamekatika, wageni wawili wanaharisha, na jibu la ofisini ni moja tu: "Mpishi hakutunza vyakula." Anakatwa posho, safari inayofuata anaitwa mwingine, naye anapewa deli (boksi la kutunzia baridi kwa barafu) lile lile bovu. Hii ni dhuluma, na hesabu zipo.

Tuanze na asubuhi ya kuondoka. Nyama inanunuliwa bucha saa kumi na mbili, ng'ombe kachinjwa alfajiri, paja bado lina joto la mwili. Kilo 10 za nyama hiyo ikiwa na nyuzi 30 zinakula kama kilo 2 na nusu za barafu hadi zifike nyuzi 4. Hapo umepooza tu, hujaanza kutunza. Nyama hiyo hiyo ingenunuliwa siku mbili kabla, ikakatwa vipande vya kilo moja moja, ikatandazwa bapa na kugandishwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ingeingia kwenye deli ikiwa barafu yenyewe. Kilo 10 za nyama iliyoganda hivyo zinafanya kazi ya karibu kilo 7 za barafu. Jumlisha pande zote mbili: kwa kuchelewa kwenda bucha umemnyima mpishi karibu kilo 10 za barafu. Na ukinunua mapema, usilitupe kwenye friza donge la kilo 5 jioni ukategemea asubuhi limeganda. Litakuwa gumu nje, ndani laini, na bakteria wamekesha humo.

Halafu vinywaji. Chupa 24 za nusu lita zinatolewa stoo zikiwa na nyuzi 25 na kutumbukizwa kwenye deli la chakula, juu ya nyama. Hizo ni kilo 12 za maji, zinamaliza kilo 3 za barafu kabla gari halijafika Makuyuni. Msimamizi aliyeandika kwenye fomu "barafu kilo 15, inatosha" hakupiga hesabu hiyo, kwa hiyo Tarangire mpishi anafika na kilo 8 au 9.

Barafu yenyewe mnanunua ya vipande vidogo, inachuruzika maji kwenye gunia. Barafu inayochuruzika imeshaanza kazi yake barabarani. Vipande vidogo vina eneo kubwa la kugusa hewa, na barabara ya vumbi kutoka geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro hadi Naabi, geti la Serengeti, ile yenye mawimbi, inavisaga viwe uji. Jaza maji safi ya kunywa kwenye chupa za lita 1.5 au madumu ya lita 5, acha nafasi ya sehemu moja ya kumi kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, na ugandishe kwa siku mbili kamili. Chupa 20 za maji ya kawaida kwenye friza moja ya nyumbani haziwezi kuganda usiku mmoja. Zikiyeyuka mnakunywa, hakuna kilichopotea, na chakula hakilowi.

Sasa deli. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Chukua deli la plastiki la lita 50 mnalotoa, gonga mfuniko kwa kidole. Kama unalia kama debe tupu, ndani hakuna fomu (povu gumu la kuzuia joto), ni hewa tu. Kuta mmenunua nene, mfuniko ni ganda. Kisha weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga mfuniko, uivute. Ikitoka bila kukwama, raba imekufa na baridi inatokea hapo usiku kucha. Deli la ukubwa huo lenye fomu nzuri ya sentimita 3, nje kukiwa na wastani wa nyuzi 27 mchana na usiku, linapoteza karibu kilo 5 za barafu kwa siku hata bila kufunguliwa. Fomu ikiwa sentimita 5 inashuka hadi kama kilo 3. Mfuniko ukiwa mtupu na raba imekatika, hesabu hiyo ifute kabisa. Dawa ipo: fundi anatoboa matundu matatu ya milimita 8 upande wa ndani wa mfuniko, anapuliza fomu ya kopo kidogo kidogo (ukiijaza kwa mkupuo mfuniko unavimba na haufungi tena), anaacha hadi kesho yake, anakata iliyotokeza na kuziba. Raba ya mlango wa friji inapatikana kwa mafundi friji. Ongeza mkanda wa kufungia mizigo ili mfuniko usichezecheze njiani. Ukiacha usiku wa kusubiri fomu ikauke, ni kazi ya mchana mmoja, na bado mwaka mzima haifanywi.

Na deli likiwa tayari, mnaliweka kwenye keria juu ya gari, juani! Au linakaa yadini tangu asubuhi hadi kuta zina nyuzi 40, ndipo chakula kinaingizwa. Deli linatakiwa kupoozwa usiku wa kuamkia safari kwa chupa mbili tatu za barafu, asubuhi unazitoa na kuweka mpya. Ndani ya gari likae kivulini, mbali na vioo vya nyuma, limefunikwa blanketi au turubai la rangi nyeupe.

Kuna jambo jingine linalonikera. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, ni sawa. Lakini badala ya kununua makontena yenye mifuniko ya kubana, mnawapa wapishi nyama kwenye ile mifuko ya kitambaa. Damu inachuruzika hadi kwenye letasi na matunda ambayo wageni watakula mabichi. Halafu mnashangaa watu wanaharisha. Nyama mbichi iwe chini kabisa, kwenye kontena linalofungwa, vyakula vya kuliwa bila kupikwa juu yake. Na msimwambie mpishi "ichemshe sana itakuwa salama". Kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Chakula kinachotakiwa baridi kikishakaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2, au saa 1 kukiwa na joto la kupita nyuzi 32, hakifai. Wali uliobaki mchana nao umo kwenye hesabu hiyo. Kipima joto cha friji ni kitu kidogo sana, na bado wapishi wanaachwa wakisie kwa kiganja.

Madai yangu ni haya. Madeli mawili kila gari, moja la chakula linalofunguliwa na mpishi peke yake mara tatu kwa siku, lingine la vinywaji ambalo wageni wafungue wanavyotaka. Nusu ya nafasi ya deli la chakula iwe barafu. Menyu ipangwe na anayejua: kuku na samaki siku mbili za kwanza, ng'ombe aliyeganda siku ya tatu na ya nne, kuanzia hapo maharage, dengu, mayai, samaki wa kopo, kabichi, karoti. Maziwa yawe ya pakiti yasiyohitaji baridi hadi yafunguliwe. Mtu anayeandika "kuku wa kuchoma" siku ya sita, usiku wa mwisho Serengeti, bila friji ya maana, huyo ndiye akatwe posho.

Mchangiaji #2

Mkuu, umeongea kwa jazba lakini upande wa ofisi nao usikilizwe. Tumefunga friji kwenye magari. Matokeo yake asubuhi gari halitaki kuwaka, dereva anaomba kusukumwa katikati ya simba. Au friji inajizima yenyewe usiku. Ndiyo maana tumerudi kwenye barafu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwanza hakikisha mlichofunga ni friji. Yale maboksi mepesi yenye feni, yasiyo na kompresa, hushusha joto kama nyuzi 18 hadi 20 chini ya hewa ya nje, basi. Ndani ya gari kukiwa na nyuzi 36, nyama inakaa kwenye 16 au 18. Hapo unafuga wadudu. Na linanyonya ampea 4 hadi 5 bila kupumzika, usiku na mchana. Anayelikodisha kwa jina la friji anamdanganya mgeni.

Friji ya kompresa inakula kama ampea 4 ikiwa inazunguka, na kwenye joto letu inazunguka karibu nusu ya muda. Weka ampea-saa 50 kwa siku. Betri ya kuwashia gari ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo gari likilala na kushinda kambini umeimaliza. Lazima betri ya pili, ile ya kuvumilia kunyonywa, na rilei (swichi inayojiendesha yenyewe) ya kuzitenganisha injini ikizimwa. Ikifungwa hivyo, betri ya kuwashia haiguswi na friji hata kidogo.

Kuhusu kujizima usiku, angalieni waya. Mmechukua umeme kwenye soketi ya kuwashia sigara, waya wa milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Kwa ampea 5 unapoteza karibu volti 0.6 njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.6, na kama kinga ya betri, ile inayoizima friji volti zikishuka, imewekwa juu, inakata kwenye 11.8 hivi. Betri ni nzima, waya ndio mwembamba. Vuta waya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka betri ya pili, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, upotevu unashuka chini ya volti 0.15. Kama gari linasimama siku nzima, paneli ya wati 100 inarudisha kama ampea-saa 30 jua likiwa zuri.

Mchangiaji #4

Mimi ni mpishi, nashukuru uzi huu kaka. Nina swali. Ofisi inatuambia tumwage maji ya barafu kila jioni, wengine wanasema tuyaache. Lipi sahihi? Na ile ya kutia chumvi kwenye chupa?

Mwanzisha uzi

Kaka, maji yaliyoyeyuka bado yana nyuzi 0 hadi 2, na yanagusa chupa pande zote kuliko hewa. Kwenye deli la vinywaji yaache, mwaga pale tu unapopata barafu mpya. Kwenye deli la chakula usiruhusu chochote kielee: weka kichanja chini, na kama kontena la nyama limevuja, mwaga yote, osha deli, na letasi iliyolowa humo itupe.

Chumvi: gramu 100 kwa lita moja ya maji, inaanza kuganda karibu nyuzi 6 chini ya sifuri. Inahitaji friza kali kweli, ile inayofika 18 chini ya sifuri. Chupa hizo zizunguke nyama iliyoganda tu na zipigwe alama, mtu asije akanywa. Zikigusa mayai au nyanya zitaganda na kuharibika.

Mkiwa Ngorongoro kwenye kambi ya Simba, ule ukingo uko kama mita 2,300, na Juni hadi Agosti usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Vinywaji vya kesho vitoeni kwenye deli jioni, vilale ndani ya gari lililofungwa, kioo kimeachwa wazi kidogo. Alfajiri virudisheni vikiwa baridi. Msiviache nje, fisi hubeba hadi deli lenyewe.