Tupeane uzoefu: ulibeba nini ulipokwenda kulala kwenye hema tamasha la kiangazi?

Mkazi_wa_Bristol (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mdogo wangu anakuja Uingereza kusoma, na swali lake la kwanza halikuwa la karo wala la chumba, lilikuwa la Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki. Nimemwambia 2026 hakuna, ni mwaka wa kupumzisha shamba. Ndiyo, ni shamba la ng'ombe kweli: Worthy Farm, kijiji cha Pilton, Somerset. Michael Eavis alianzisha pale 1970, kiingilio pauni moja na maziwa ya bure juu yake. Tiketi za 2025 zilikuwa pauni 373.50 kabla ya ada, na ziliisha ndani ya saa moja. Kwa hiyo dogo ana muda wa kutosha wa kujisajili na picha yake ili anunue tiketi, na wa kujifunza kufunga begi.

Orodha za Waingereza zipo tele, ila zimeandikwa na watu waliopiga kambi tangu utotoni. Hazisemi lolote kuhusu tahara, wala baridi ya Juni inavyomwingia mtu wa Tanga. Ndiyo maana nimefungua uzi. Kila mmoja aseme lililomfaa na lililomshinda.

Naanza mimi. Mzigo wote utaubeba mwenyewe, na mbali. Ukishuka treni Castle Cary kuna basi la bure la wenye tiketi, lakini linakuishia getini. Pale wanalala watu zaidi ya 200,000. Ni mji mzima umesimama kwenye malisho, una vilima, na wewe unapita na begi mgongoni ukitafuta pa kusimika hema. Unaweza kutembea saa nzima. Kila unachotaka kutia begini kiulize kama kinastahili kubebwa saa hiyo nzima.

Pesa yangu mimi naiweka kwenye vitu viwili: kinacholala chini ya mgongo na kinachovaliwa mguuni. Hema lolote la tabaka mbili lisilovuja linatosha. Nimeona watu wamenunua hema kubwa kama ukumbi wa harusi, halafu ndani wametandika shuka juu ya nyasi. Saa tisa usiku bondeni pale joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo, umande umetanda, na baridi inayokuumiza inatoka ardhini. Godoro la kupuliza peke yake halisaidii, maana hewa iliyomo ndani nayo inapoa. Natandika mkeka wa sponji chini, godoro juu, kisha mfuko wa kulalia. Kofia ya sufu na soksi nzito za kulalia tu, ambazo mchana sizigusi kabisa ili zibaki kavu.

Halafu usiku wenyewe ni mfupi. Jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza. Saa mbili asubuhi, kama hakuna mawingu, hemani hapakaliki. Kitambaa cha kufunika macho na vizibo vya masikio havina uzito wowote, na bila hivyo hulali.

Karibuni.

Binti_Mkunazini

Ahsante kaka kwa kugusa la tahara, maana wengi wanaona haya kuliuliza.

Vyoo vingi ni mashimo marefu, na vingine ni vile vya mbolea ambavyo ukimaliza unamwaga unga wa mbao. Maji ndani hakuna. Sisi tuliolelewa na kopo chooni lazima twende na letu. Mimi nina chupa laini ya plastiki ya kubana, yenye mdomo mwembamba, nimeifunga utepe mwekundu ili isije ikachanganyika na ya kunywa. Mabomba ya maji ya bure yapo kila upande, na tangu 2019 tamasha halikuruhusu tena kuuza maji ya chupa za plastiki, kwa hiyo ya kunywa pia unabeba yako na unajaza. Ukipita bomba, jaza zote mbili hata kama hazijaisha. Karatasi weka mfukoni kwako, ya chooni usiitegemee. Na zile waipsi zisitupwe shimoni. Mfuko mdogo wa taka unatosha.

La pili ni khanga. Doti moja, pande zote mbili. Upande mmoja ni taulo, kwa kuwa unakauka upesi na hauchukui nafasi ambayo taulo la kawaida linachukua. Upande wa pili mchana unafunikwa juu ya hema upande wa jua, jioni ni mtandio, usiku unajifunga ndani ya mfuko wa kulalia. Kubadilisha nguo ndani ya hema la watu wawili ukiwa watatu, bila khanga huwezi.

Mwaka mmoja tuliifunga juu ya fimbo iwe bendera, maana usiku mahema yote yanafanana. Haikupita saa, wakaja kina dada wawili wa Mombasa kupiga hodi, wameisoma maandishi kutoka njiani! Chai tulikunywa pamoja hadi Jumatatu.

Toroli_la_Mzee

Mkuu wa Bristol umesema vizuri ila suala la begi mgongoni nakupinga. Mkokoteni mdogo wa kukunja, magurudumu mapana. Nina miaka yangu, nina mke, nina watoto wawili. Wenye miaka 12 kushuka chini huingia bure pale, lakini vitu vyao havijibebi.

Mkazi_wa_Bristol

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye ukavu nakubali. Kwenye matope je? 2016 ulikuwepo?

Toroli_la_Mzee

Marahaba. Nilikuwepo. Mkokoteni tuliubeba sisi badala ya wenyewe kutubeba. Lakini mwaka mmoja wa matope hauwezi kunifanya nipasuke mgongo miaka mingine yote.

Niongeze ya wenye watoto. Vifunika masikio vya watoto, vile vya kuvaa kama spika za kichwani, si vya pamba. Namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika kila asubuhi, sio siku ya kwanza tu. Na msitegemee simu kutafutana: watu wakijaa mbele ya jukwaa kuu, la Pyramid, mtandao unakwama, ujumbe unafika baada ya wimbo kwisha. Chagueni mahali pa kukutana mapema, na pawe mahali ambapo mtoto anaweza kupataja.

Nesi_wa_Zamu

Nafanya kazi hospitali, na matamasha nimeshayakalia zamu kwenye hema la huduma ya kwanza (si hilo la Somerset, madogo zaidi). Wanaokuja wengi hawaletwi na jambo kubwa. Ni malengelenge ya miguu, kuungua na jua, na kuishiwa maji mwilini.

Ndugu zangu weusi, losheni ya jua inawahusu. Huko jua la Juni linakaa juu saa 16 na zaidi, na hakuna mwembe wa kukaa chini yake. Kofia pana pia.

Miguu: usiende na kiatu kipya. Gambuti ni nzuri kwenye matope, lakini ukivaa na soksi fupi mpira unakuchuna shavu la mguu, na ukishinda nazo kwenye jua mguu unalowa jasho na ngozi inalainika, hapo ndipo lengelenge linapoanza. Soksi ndefu, jozi moja kwa kila siku na mbili za ziada. Angalia utabiri siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Ukiona ukavu mtupu, acha gambuti nyumbani na uende na buti jepesi la kutembelea. Ukiona mvua hata kidogo, beba.

Plasta, paracetamol, dawa ya mzio wa chavua (nyasi za malisho mwezi huo zinawatesa hata ambao mjini hawajui kama wana mzio), chumvi za kuongeza maji mwilini. Dawa zako za kila siku zibebe kwenye pakiti yake yenye jina lako, usizimwage kwenye kikopo, walinzi getini hawawezi kujua ni nini. Kina dada, pedi beba hata kama tarehe haijafika.

Wa_Nakuru_Copenhagen

Habari zenu wasee. Wacha nilete ya Denmark. Roskilde, tamasha la muziki, iko kama nusu saa kwa treni kutoka hapa Copenhagen, ilianza 1971, na tofauti yake ni siku. Kambi inafunguliwa wikendi, majukwaa makubwa yanaanza katikati ya wiki. Ukitaka kuanzia mwanzo unakaa nje siku nane. Orodha ya Bristol ya siku tano haitoshi huku.

Mimi hujitolea kwenye kibanda cha chakula, unafanya zamu zako na tiketi unapata. Kwa hivyo ninahitaji usingizi kuliko wale wengine, na ninawaambia hema ni muhimu, usiseme lolote linatosha. Uwanja ni tambarare na upepo hauna kitu cha kuuzuia. Hema za bei ya chini zinakuja na vigingi vyembamba vinavyopinda ukivikanyaga tu. Nunua vigingi vya chuma kando, na kamba zote zifungwe, hata zile zinaonekana ni za urembo. Kamba zenye rangi ya kung'aa ndizo nzuri, kwa sababu jirani yako atapita hapo saa nane usiku akiwa na bia zake.

Kitu kingine. Makopo na chupa tupu huku zina pesa, unarudishiwa amana. Usitupe.

Na ile tabia ya kuacha hema pale Jumapili ukaenda zako, sijawahi kuielewa. Siku ya mwisho ukipita unaona mahema, magodoro, viti, vitu vizima kabisa, vimeachwa kwenye nyasi vinangoja kuzolewa. Nyumbani hema moja kama hilo mtu angelitunza miaka kumi.

Mkazi_wa_Bristol

Hapo kwa vigingi umenikumbusha. Glastonbury ng'ombe wanarudi malishoni wageni wakiondoka, na kigingi kilichobaki kwenye nyasi kinaweza kumuumiza mnyama. Vihesabu ukisimika, vihesabu ukitoa. Hema lolote linatosha nimeliondoa, nasema hema lolote lenye vigingi vya maana.

Kagera_Mpakani

Sisi wa huku kiangazi cha Ulaya hatuna lakini hema tunalala. Tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, Uganda, lilianza 2015, miaka ya kwanza pale Njeru kando ya Nile, 2022 likahamia maporomoko ya Itanda. Natokea Bukoba, navuka mpaka wa Mutukula. Mnayoyasema mengi yanafanana ila mkija huku badilisheni begi.

Mfuko mzito wa kulalia acha. Shuka na fulana ya mikono mirefu vinatosha. Neti ndogo ya kuning'iniza ndani, au hakikisha zipu ya hema inafunga mpaka mwisho, na dawa ya kupaka. Mbu wa kando ya mto hawajui kwamba umekuja kucheza muziki. Kadi ya homa ya manjano iwe pamoja na pasi. Giza huku linaingia saa moja na linaingia kwa haraka, tochi ya kichwani iwe mfukoni tangu saa kumi na mbili, si chini kabisa ya begi. Gambuti ndiyo, mvua ya jioni ikipiga boda hazifiki kambini, unamalizia kwa mguu. Pesa taslimu noti ndogo ndogo.

Dogo_wa_Tanga

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi ndiye dogo mwenyewe 😅. Nina maswali mawili. Chakula je, nabeba au nanunua? Na simu naichaji wapi?

Binti_Mkunazini

Marahaba mdogo wangu, karibu. Vibanda vya chakula ni vingi mno na vya kila nchi, lakini kula nje mara tatu kwa siku, siku tano, mwanafunzi atarudi hana nauli. Beba asubuhi, nunua jioni. Mimi nabeba maandazi makavu yasiyo na tui, yanafika Ijumaa bila kuharibika. Karanga, tende, kashata. Mkate wa kumimina usijaribu. Achari na pilipili zihamishe kwenye kikopo cha plastiki, maana kioo hakiruhusiwi kuingia, na mlinzi hatahangaika kusikiliza kwamba mama yako ndiye aliyeitengeneza. Hata manukato ya chupa acha, hakuna atakayekunusa.

Mkazi_wa_Bristol

Simu: pawabanki mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ikizimika au ikilowa unabaki na nyingine. Zijaze nyumbani. Kuchaji kule kupo ila foleni itakulia nusu ya siku. Usiku lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia, betri ikipoa inaisha upesi. Wengine wanabeba kisimu cha batani cha dharura, kinakaa siku zote tano.

Na mifuko mikubwa ya taka, ile minene, beba kama sita. Mmoja wa nguo zenye matope, mmoja wa kukalia nyasi zikiwa na maji, mmoja wa kufunika begi mvua ikikukuta njiani, mingine ya taka zenyewe.

Dogo_wa_Tanga

Ahsanteni sana. Gitaa je?

Toroli_la_Mzee

Kwenye mkokoteni wangu nafasi ipo. Kwenye begi la kaka yako haipo.