MJADALA: Nani mkali wa jukwaa wa muda wote duniani? Mimi mzee Zawose simtoi kwenye tano bora

Wakuu naileta hii mada kwa sababu hapa Bagamoyo kila yakianza maneno ya msanii bora wa jukwaa wa muda wote mtu anasema Michael Jackson na mjadala unafungwa hapohapo, ukisema jamani subirini kwanza unaonekana mbishi tu. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge vizuri: Hukwe Zawose, yule mwimbaji na mpiga zeze wa Kigogo, yumo kwenye tano bora ya dunia. Sio ya Tanzania, ya dunia. Na simweki kwa sababu aliishi nasi hapa mjini, namweka kwa kipimo ambacho nitampima nacho kila mtu.

Kipimo chenyewe ni hiki: umepanda mbele ya watu wasiokujua, hawajanunua kaseti yako, pengine hata lugha yako hawaielewi, je unawashika? Maana watu wanasahau kwamba umaarufu ukishatangulia nusu ya kazi imeshafanyika kabla msanii hajatoka nyuma ya pazia. Mauzo ya santuri sipimi, video sipimi, wala sipimi wimbo gani unapigwa sana kwenye harusi. Kuna watu studio wanatisha ila jukwaani hamna kitu na wote tunawajua, mtu anapanda na flashi, DJ anabonyeza, jamaa anafungua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe na akichoka anawanyooshea watu maiki waimbe wao.

Sasa Michael. Kila mtu analeta ile ya mwaka 1983, sherehe ya kampuni ya santuri ya Motown kutimiza miaka 25, pale alipoteleza kwa kurudi nyuma dunia nzima ikapagawa. Miguu ile ilikuwa ya kweli, hakuna binadamu anayeweza kuibishia, lakini sauti kwenye wimbo ule ilikuwa pleibeki jamani, hakuimba. Halafu mwingine analeta Bucharest 1992, alivyochomoza jukwaani akasimama kama sanamu bila kutikisika na watu wanazimia wanabebwa juu juu. Nimeiangalia mara nyingi na inasisimua kweli, lakini wale walikuwa wanalia kabla hajatoka, walishampenda kwa miaka. Kwa kipimo changu hiyo haihesabiki sana. Kinachohesabika kwangu ni ukumbi wa Apollo, Harlem kule New York, 1967, ameenda na kaka zake kwenye usiku wa wasanii wachanga, mtoto hajafika miaka kumi, ukumbi ambao ukiboronga wanakuzomea mpaka unashuka, wakashinda. Ndo maana Michael namweka. Kwa hiyo mashabiki wake msinirushie mawe, mtu wenu yumo, ila sababu zangu sio zenu.

James Brown namba moja na hapa sina mjadala mrefu. Mwaka 1962 alitaka shoo yake irekodiwe laivu palepale Apollo, mwenye kampuni ya santuri akakataa akaona ni kutupa pesa, jamaa akatoa zake mfukoni na ile santuri ikauzika ajabu. Bendi yake ilikuwa na nidhamu ya jeshi, mpiga tarumbeta akikosea anaonyeshwa vidole katikati ya wimbo na kila kidole ni faini, na yeye muda wote huo anacheza, anaimba, anapiga magoti, anavikwa joho kama mtu aliyeishiwa nguvu, analitupa anarudi kwenye maiki. Halafu Septemba 1974 akaenda Kinshasa kwenye lile tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ndondi la Ali na Foreman, pambano likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini ila muziki ukaendelea, akina Miriam Makeba, B.B. King, Celia Cruz na Franco wote walipanda jukwaa lile, na bado ukiwauliza watu nani walimwona wanaanza na James Brown. Watu wa Kinshasa, mji wa Franco mwenyewe, mkali wa rumba!

Haya, mzee Zawose. Vijana wengi hapa mnalijua jina kwa sababu ya ile familia ya wanamuziki lakini mtu mwenyewe hamumjui. Mgogo wa Dodoma, Mwalimu Nyerere ndo alimchukua kutoka huko miaka ya 60 akamleta Dar kwenye ngoma za taifa, baadaye akahamia huku na akafundisha Chuo cha Sanaa, hii TaSUBa ya sasa. Vitu vyake ni zeze, ilimba, njuga miguuni. Ilimba kwa asiyeijua ni sanduku la mbao lenye vyuma vingi vya kugonga kwa vidole, na kuna tundu linazibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mvumo, huo mvumo ukiusikia karibu unaingia kifuani kabisa. Sasa mtu mmoja anagonga vyuma kwa vidole gumba viwili kila kimoja kina safari yake, miguu inapiga mdundo wa tatu kwa njuga, na juu ya hapo anaimba, na sio kuimba sauti moja, anaanza chini kabisa sauti nzito ya koo, ghafla yuko juu sauti nyembamba kama ya binti, anarudi chini, na vidole havijapotea hata kidogo. Mpiga gitaa yeyote wa bendi humu ajaribu kuimba wimbo unaokwenda kinyume na mkono wake aone kazi yake.

Mzee huyu hakuwa na redio iliyomtangulia, alisimama kwenye majukwaa ya WOMAD, yale matamasha ya muziki wa dunia, huko Ulaya mbele ya wazungu ambao Kigogo hawajui hata salamu, na akawashika mpaka kampuni ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, Real World, ikatoa santuri zake. Alipofariki Desemba 2003 magazeti makubwa ya Uingereza yalimwandika. Sisi tuliokuwa tunapita nje ya uzio wa chuo tukisikia mazoezi tulidhani ni jambo la kawaida tu, na mpaka leo hapa mjini ukitaja msanii mkubwa wa jukwaa jina lake halimjii mtu kichwani. Hilo linaniuma sana, na ndo sababu hasa ya kuandika hapa. Binti yake na mjukuu wake wametoa albamu mwaka 2024 kama The Zawose Queens, nendeni mkawasikilize alafu mrudi mniambie ile sauti imetoka wapi.

Wa nne wangu ni Bi Kidude, na huyu nadhani tutakubaliana. Bibi wa Zanzibar, umri wake hasa hakuna anayeujua, ila mwaka 2005 alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, alikuwa kikongwe tayari na bado anazunguka dunia, anajifunga ngoma ya unyago kiunoni anaipiga huku anaimba kwa ile sauti ya kukwaruza inayojaza ukumbi mzima. Hachezi sana, harukiruki, anasimama tu na watu wananyamaza. Alipiga mpaka karibu na kifo chake, Aprili 2013.

Kuna ndugu yangu mmoja wa Tanga nikabishana naye, yeye anasema mbona waimbaji tu, King Majuto yuko wapi? Hoja yake nzuri na naiheshimu, kuchekesha watu jukwaani ni kugumu kuliko kuimba maana mpiga ngoma hakusaidii watu wasipocheka. Lakini mzee Majuto Mungu amrehemu, wengi tumemjua kupitia mikanda ya video, na kumpima mtu wa mikanda kwa kipimo cha jukwaa ni kumwonea. Kama kuna waliomwona laivu Tanga waje watoe ushahidi, nasikiliza. Huyohuyo akamleta na Bi Shakila, mtu wao kweli na taarab ya Tanga ile ya Black Star na Lucky Star ilitikisa mpaka Mombasa, ila nafasi ni tano na mimi Bi Shakila namsikia zaidi kwenye sauti kuliko kwenye jukwaa.

Nafasi ya tano ndo imenishinda. Nina Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, na Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro. Freddie tafadhali msilete hoja kwamba kazaliwa Zanzibar, kazaliwa kweli mwaka 1946 lakini shule kasoma India na muziki kaufanyia Uingereza, kuzaliwa hakuongezi maksi. Maksi zake ni Wembley kwenye tamasha la Live Aid, Julai 13, 1985, dakika kama 20 tu, uwanja wa watu zaidi ya elfu 70 waliokuja kuona bendi kibao sio yake peke yake, anatupa sauti wanaijibu, anapandisha wanapandisha, mikono yote hewani. Kwa kipimo changu ile ni pepa safi. Mbaraka naye alipelekwa Japani mwaka 1970 na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, nani alikuwa anamjua Osaka? Gitaa lile, na sauti ile, na ajali ikamchukua Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu. Shida ni kwamba Freddie nimemwona kwenye video na Mbaraka nimemsikia tu, picha zake za jukwaani hazipo mkononi mwangu.

Kwa hiyo wazee wa Morogoro, Tanga na Dar mliomwona Mbaraka kwa macho, nyie ndo nawasubiri. Alikuwa anafanya nini jukwaani zaidi ya gitaa? Watu wasiomjua walikuwa wanaachaje bia zao wanaingia kucheza? Leteni hayo na Freddie namtoa. Na mnaotaka kumtoa Zawose, mtajeni mtu wa kuwekwa pale pake na mseme aliwashika akina nani.