Maji ya kunywa: kichocheo cha mwanga, jua tupu au klorini?

MtungiMpya: Habari wadau. Nina tangi la maji ya mvua. Nasikia ukitia unga wa dioksidi ya titani kisha ukaanika maji juani, vijidudu vinakufa. Unaishinda klorini?

FundiMaji: Karibu mkuu. Uzuri wa unga huo ni kwamba ni kichocheo tu, hautumiki ukaisha kama klorini. Mwanga wa urujuanimno ukiupiga, elektroni huruka kutoka mahali pake, na hapo maji na oksijeni huzaa vioksidishaji vikali vinavyotoboa ngozi ya bakteria. Kasoro yake: unataka mawimbi mafupi kuliko nanomita 387 hivi, na katika jua mwanga wa aina hiyo haufiki hata asilimia 6. Uliobaki unapita bure.

BiKemia: Na unga wenyewe utautoaje? Chembe zake ni ndogo mno, kitambaa hakizishiki, unabaki na maji meupe. Ukiugandisha kwenye kioo umeepuka kuchuja, ila sasa kijidudu lazima kiufikie uso wa kioo, maana vile vioksidishaji hufa papo hapo vilipozaliwa. Kazi inakwenda polepole.

MtungiMpya: Kwa hiyo nianike chupa za maji juani tu, bila unga?

FundiMaji: Chupa ya PET (plastiki angavu ya chupa za maji) isiyozidi lita 2, saa 6 za jua kali, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu. Isimamishe juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomo wake. Herufi hazisomeki? Chuja kwanza.

Mdadisi: Napinga kidogo. Kichocheo huvunja hata mabaki ya dawa za mashamba. Jua tupu haliwezi.

BiKemia: Sawa, kwenye maji safi ya maabara. Maji yenye bikaboneti na uozo wa majani humeza vioksidishaji kabla havijamgusa bakteria. Tena yakitoka juani hayana kinga. Klorini hubaki ikilinda tangi, ingawa kriptosporidi, kimelea cha kuhara, haimtishi hata kidogo. Mimi ningechuja, nikatia klorini, basi.

MtungiMpya: Kuna muuzaji ana kifaa cha kichocheo chenye taa ya buluu…

FundiMaji: Titani tupu haiioni buluu. Muulize kichocheo chake ni kitu gani. Nitridi ya kaboni, kichocheo kingine, hufika nanomita 460 hivi, yaani buluu, hiyo inaeleweka. Akisema titani tu, achana naye. Na kama taa ni ya urujuanimno wa nanomita 254, hiyo inaua yenyewe, kichocheo ni pambo.