Kodi ya fegi, keg na kubeti: ni haki? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Free Area, Nakuru

Wadau, hamjambo. Naomba majibu ya maisha yenyewe, si ya darasani: hizi kodi za sigara, pombe na kubeti zimekufikia vipi wewe au watu wa nyumbani kwako?

Naanza na msimamo wangu, mnikosoe. Kumtoza kodi mvutaji au mtu wa kubeti sioni ubaya. Ubaya ni kumtoza akiwa ameshazama, halafu asione hata senti ikirudi kumtoa huko.

Na hata huko kutoza kwenyewe kuna upendeleo. Dau la kubeti liliwekewa ushuru wa asilimia 20 mwaka 2019. Mwaka uliofuata ukafutwa. 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, 2023 ukafika 12.5, Desemba 2024 ukafika 15. Julai 2025 ukashuka hadi 5, na sasa unakatwa mara moja tu, pale unapoweka pesa kwenye akaunti. Sigara je? Tangu Desemba 2024 ni shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, iwe na kichungi au isiwe nacho. Zamani isiyo na kichungi ilikuwa na ushuru wa chini, na wanaoivuta ni wazee wetu wa mashambani. Kampuni za kubeti zina mawakili wa kwenda kusema na wabunge. Mzee wa Rongai anayevuta chini ya mwembe ana nani?

Mama wa watoto wawili, Kaptembwo

Mume wangu ni fundi wa mjengo, hulipwa Jumamosi jioni kwa M-Pesa. Simu yake huwa naisoma, tulikubaliana hivyo mbele ya wazee. Jumbe zinafuatana hivi: pesa ya kazi imeingia. Mia mbili imetoka, kubeti. Mia mbili tena. Mia. Hamsini. Ya mwisho kabisa ni ishirini, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Zote kabla hajafika mlangoni. Mimi naenda kwa mama mboga kukopa sukuma, na anajua kabla sijafungua mdomo.

Kodi ilipokuwa asilimia 15 hakupunguza chochote. Alisema sasa inabidi atafute odi kubwa zaidi, zile zenye malipo makubwa lakini ngumu kushinda, ili kile kilichokatwa kirudi. Kwa hiyo mkisema kodi inamzuia mtu, kwangu haikumzuia. Ilinipunguzia mimi unga. Hao waliokaa Nairobi wakapiga hesabu ya mapato walihesabu pesa ya watoto wangu.

Mwanzisha uzi

Pole sana, mama. Hii ndiyo maana nimeanzisha uzi. Karatasi zao zinasema anayelipa ni mchezaji.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Mimi naona tofauti. Naweka bob hamsini wikendi, nikikosa nimekosa, ni burudani yangu. Tayari nalipa kodi kwenye mafuta ya pikipiki, kwenye bando, kwenye kila kitu. Mbona nilipie mpaka furaha? Na msisahau 2019. Vita ya leseni na kodi kati ya serikali na kampuni za kubeti ilipowaka, udhamini wa timu zetu za Gor Mahia na AFC Leopards ukakatika. Serikali haikufika uwanja wa Moi kutuambia wachezaji watakula nini.

Mwenye duka, Malaba

Hapa mpakani ushuru wa sigara ukipanda, pakiti za magendo kutoka ng'ambo nazo zinaongezeka. Utazijua: geuza pakiti, stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru, hakuna, na bei iko chini. Mteja akizipata kwa jirani, mimi ninayeuza zenye stempu nabaki na shehena. Silalamikii kodi yenyewe. Nasema wakipandisha, walinde na mpaka, la sivyo wanamtoza mwaminifu peke yake.

Mkulima wa mtama, Ugenya

Wengi mnaongea juu ya anayekunywa. Mimi niko upande wa shamba. Keg, ile bia ya pipa ya bei ya chini, hutengenezwa kwa mtama, na kiwanda cha Kisumu kilipoanza tena kazi 2019 tukapata soko karibu. Shule ya watoto wangu inatoka humo. Kwa hiyo kila Mswada wa Fedha, ule wa kodi za mwaka, ukisomwa, roho yangu iko juu.

Sina wasiwasi wa bure. Mwaka 2013 keg, iliyokuwa imesamehewa ushuru, ilipoanza kutozwa nusu ya ushuru wa bia, bei ilipanda na mauzo yakaporomoka. Mtu wa chini hakuacha kunywa, alihamia vitu vya vichochoroni. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingine, wengine wakapofuka. Sisemi kodi ile ndiyo iliyotia sumu, waliochanganya wanajulikana ni watu wa tamaa. Lakini mnywaji maskini ukimfungia mlango wa halali hurudi kitandani? Hapana, anatafuta mlango mwingine. Baadaye serikali ikarudisha nafuu ya keg, watu walikuwa wameshazikwa.

Mama wa Nyalenda, Kisumu

Naomba niwapinge kidogo. Baba yangu alivuta maisha yake yote ya kazi kwenye reli, na hakuna mhubiri wala daktari aliyemuweza. Bei ilimuweza. Alianza kukata sigara moja vipande viwili, anazima nusu anaiweka nyuma ya sikio, mwisho akasema hii ni pesa ya samaki na akaacha. Amebaki na kikohozi, lakini yuko nasi. Msifute kodi ya sigara, tafadhali.

Mwanzisha uzi

Asante, mama, umenisogeza. Labda fegi na kubeti havifai kupimwa kwa kipimo kimoja: anayevuta huona bei kila anaponunua, anayebeti haoni bei, anaona jakpoti tu.

Bado niko palepale kwenye pesa kurudi. Kwa tumbaku angalau kuna njia iliyoandikwa. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 iliunda mfuko wa kazi hiyo, na kanuni za 2014 zikawataka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya sigara ilipinga mpaka Mahakama ya Juu na ikashindwa, Novemba 2019. Mume wa mama wa Kaptembwo naye anastahili mlango wa kugonga.

Watu wa Kakamega, Bungoma na Vihiga mmenyamaza. Kuna aliyempeleka ndugu yake hospitali ya kaunti kwa uraibu wa kubeti? Alipokelewa idara gani, na alilipishwa pesa ngapi? Andikeni hapa, maoni ya Mswada wa Fedha ujao nataka niyapeleke na majibu yenu mkononi.