Gari kulazwa Mokowe miezi mitano: liwashwe kila wiki au liachwe?

WaMkomani

Asalaam aleikum. Nina Probox ya 2012, petroli, injini ya 1NZ, gia otomatiki. Amu (kisiwani Lamu) halivuki, kwa hivyo hulala Mokowe, ng'ambo ya bara. Mara hii litasimama tangu mwanzo wa Aprili hadi katikati ya Septemba, yaani masika yote na kusi yote. Banda ni la makuti juu ya boriti, pande zote wazi, chini mchanga, na bahari iko kama mita 300. Stima hakuna. Mlinzi yupo na ufunguo nitamwachia, ila kuendesha hajui.

Mlinzi aliwashe kila Ijumaa dakika kumi, au aliache? Betri ni NS60 ya mwaka jana, na gari lina alamu na trekka. Tangi lijae au libaki na kidogo? Nilifunike turubai? Na panya je, maana makuti ndiyo nyumba yao.

SpanaKumi

Waaleikum salaam. Hiyo Ijumaa ya dakika kumi ifute. Ndiyo dawa inayoua magari mengi huku pwani.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, kwa umbo la mvuke. Injini ikiwa moto sawasawa, mvuke huo hutoka wote nje. Ikiunguruma dakika kumi ikiwa imesimama, oili haijapata moto na salensa bado ni baridi, kwa hivyo mvuke unageuka matone ndani ya salensa na ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili cha gari linalowashwa hivyo kila wiki: utakuta utandu mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ni maji yaliyochanganyika na oili. Na injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko inayoungua, inayobaki huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Salensa nayo hutoboka kuanzia ndani, mwenyewe akilaumu hewa ya bahari.

Sasa betri. NS60 ina Ah 45 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa). Alamu na trekka pamoja na saa ya redio huweza kunywa miliampea 50 gari likiwa limezimwa. Hiyo ni Ah 1.2 kwa siku, Ah 8.4 kwa wiki. Altaneta kwa mzunguko wa chini kabisa, kwa dakika kumi, hairudishi hata nusu ya hizo. Kila Ijumaa betri inabaki chini zaidi ya Ijumaa iliyopita, na kufikia katikati ya Mei mlinzi atakupigia simu kwamba gari limekufa.

Kwa hivyo:

Oili imwagwe na kutiwa mpya kabla ya kulilaza gari, si baada. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na ukiiacha miezi mitano itakuwa inalala juu ya bearingi. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukishamwaga, liendeshe nusu saa ili oili mpya ipake kila mahali, kisha ndiyo ulilaze.

Betri, chomoa. Spana namba 10, anza na hasi. Kama unaweza, itoe kabisa uvuke nayo Amu kwenye stima, uichaji kila baada ya wiki sita. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikishuka 12.4 ichaji siku hiyohiyo. Ukiiacha chini ya hapo, salfeti inaganda juu ya sahani na betri haitashika chaji tena hata ungeiweka usiku kucha. Joto letu linaharakisha mambo: betri iliyokaa kwenye nyuzi 35 hujimaliza upesi mno kuliko iliyokaa kwenye 25. Iweke ndani, kivulini.

Tangi lijaze. Nafasi tupu ndani ya tangi ni hewa, na hewa ya Mokowe ina maji. Miezi mitano petroli itapoteza ukali kidogo, lakini itawaka. Ukirudi na tangi likishapungua, ongeza lita kumi mpya.

Kaskazi76

Naona tofauti kidogo. Injini isipozunguka miezi mitano sili zinakauka, na kompresa ya AC ndiyo ya kwanza: oili yake husambazwa na gesi, isipozunguka sili ya shafti inakauka na gesi inatoka polepole. Kusimamisha tu si jibu.

SpanaKumi

Kuhusu AC uko sawa. Lakini dawa yake ni gari kutembea. Akipatikana mwenye leseni wa kuaminika, mara moja kwa mwezi alichukue hadi mji wa Hindi na kurudi, AC ikiwa imewashwa, asipungue nusu saa barabarani. Hapo oili inapata moto, salensa inakauka, breki zinasuguliwa, matairi yanageuka. Asipopatikana, lisiguswe. Sili za injini haziharibiki kwa miezi mitano. Kati ya kuliwasha vibaya mara ishirini na kutoliwasha kabisa, mimi nachagua kutoliwasha.

Fundi_wa_Maweni

Mambo ya chini hayajaguswa, na huko ndiko hela zinakotoka.

Hendibreki usiivute. Probox nyuma ina dramu, na breki shuu zikibanwa kwenye dramu miezi mitano ndani ya chumvi zinashikana kama zimegundishwa. Ukirudi unalazimisha, kinachong'oka ni bitana ya shuu, inabaki imenata kwenye dramu. Weka gia kwenye P, halafu kingia matairi mawili ya mbele na mawili ya nyuma kwa vipande vya jiwe la matumbawe. Vya mbao mchwa wa Mokowe watavimaliza na gari litateleza.

Zikiwa tayari zimeshikana: usipige gesi. Gia R, ondoa breki, sogea inchi chache, gia D, sogea, mara kadhaa. Bado? Vua tairi, gonga dramu kwa nyundo kwenye ukingo, kuzunguka, si katikati. Dramu hiyo ina matundu mawili ya kukaza bolti za milimita 8. Ukizikaza kidogo kidogo kwa zamu zinaisukuma itoke.

Matairi: tia upepo hadi psi 40, ukiangalia kwanza ubavuni mwa tairi kama linaruhusu. Tairi lililosimama bila kusogea huwa bapa pale linapogusa chini, na likiwa na upepo mdogo halirudi tena duara. Mlinzi hajui kuendesha, lakini kusukuma anaweza: kila wiki tatu, akiwa na mwenzake, wasukume robo mzunguko wa tairi. Kabla ya hapo ufunguo apewe, maana otomatiki haitoki P mpaka swichi ifunguliwe na breki ikanyagwe, na betri ikiwa imetolewa kuna kitundu kidogo karibu na mpini wa gia cha kubonyeza kwa bisibisi. Mwonyeshe kabla hujasafiri. Ukiona ni usumbufu, liinue kwa stendi nne na ubao mpana chini ya kila stendi, mchanga usije ukazimeza.

Chini ya gari tandaza nailoni nzito, ile ya kuanikia mahindi au nene zaidi, ipite upana wa gari kila upande. Unyevu unaokula chasisi hautoki baharini tu, unapanda pia kutoka kwenye mchanga usiku.

Na kabla ya yote hayo lioshe kwa maji matamu, hasa chini na ndani ya mapango ya matairi. Ya kisima chenye chumvi ni afadhali usilioshe kabisa. Ukiwa unapita Malindi, lioshee huku kwa maji ya bomba ya Baricho, kisha lifike Mokowe likiwa limekauka. Oili chafu ya kupuliza chini ya chasisi, kama wanavyopenda wengi, inalainisha mipira ya bushi. Tumia grisi au nta, kwa brashi, kwenye viungio vya mabati tu, na usiguse diski wala paipu ya eksozi.

BintiShela

Turubai la nailoni hapana. Jua likipiga, unyevu wa chini yake unageuka mvuke na hauna pa kutokea, rangi inatoa malengelenge. Kusi likivuma, turubai linapiga gari siku nzima, na mchanga uliopo katikati unafanya kazi ya msasa. Kava la kitambaa kinachopumua, au shuka mbili kuukuu za pamba zilizoshonwa pamoja, kamba zipite chini ya gari. Chini ya mnazi gari halilali, kila mtu anajua, lakini mkungu nao ni hatari: popo wanakula kungu usiku na mavi yao yanachimba rangi. Mlinzi akiona kinyesi cha popo au kunguru, akilowe kwanza kwa kitambaa chenye maji, asikikwangue kikavu.

Ndani ukungu ndio adui. Siku ya kulilaza, zima AC ukiwa bado njiani na uache feni ikipuliza dakika kumi za mwisho ili kisanduku cha AC kikauke. Toa mazulia yote ya mpira, chini yake ndiko maji hujificha. Usukani, mpini wa gia na mkanda vipanguse kwa siki na maji nusu kwa nusu, kwa sababu ukungu huanza mahali palipo na jasho la mikono. Mikanda ivutwe yote ikauke kabla ya kurudishwa. Beseni mbili za makaa makavu, moja mbele moja nyuma, husaidia kiasi. Mlinzi ayaanike juani kila wiki mbili. Vioo viteremshwe kidogo, upana wa kalamu tu, na banda lisiwe linavuja.

Panya: mipira ya nondo usijisumbue, katika banda wazi harufu inaisha kwa siku chache. Panya anatafuta giza na mahali pa kujificha. Boneti iachwe wazi kabisa, imesimama kwenye fimbo yake, ili injini iwe mwangani na paka wapite. Njia ya kuingilia hewa ya filta izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 (wavu wa kuku ni mkubwa mno, vitoto vinapita). Eksozi izibwe kwa waya wa kusugulia sufuria, ule mweupe usioshika kutu. Halafu funga utepe mwekundu kwenye usukani, uandike umeziba nini na wapi. Makombo ya tende na njugu kwenye viti vya nyuma yafyonzwe yote.

Pwani_Haibridi

Samahani kuingilia. Nina Aqua Malindi, nalo husimama miezi mitatu. Hayo ya kutoliwasha yananihusu?

SpanaKumi

Wewe ni mbali kidogo. Betri kubwa ya Aqua ya kwanza ni ya nikeli, inajimaliza yenyewe polepole, na chaja ya nyumbani haiigusi. Angalau kila baada ya miezi miwili gari lazima liwe kwenye READY (limewashwa, tayari kutembea) nusu saa, bora likiwa linatembea kilomita 16 au zaidi. Likiwa limesimama, gia iwe P. Kwenye N betri hiyo haipati chaji. Tundu la hewa la betri, kando ya kiti cha nyuma, lisizibwe na mzigo wala shuka. Ile ndogo ya volti 12 ichomoe kama ya wengine.

WaMkomani

Ahsanteni sana. Betri nitavuka nayo. Bado maswali mawili: trekka ikizimika kwa kukosa betri, bima hawatasumbua? Na siku ya kuliamsha naanzaje?

Kaskazi76

Bima: waandikie kabla, uwaambie gari linasimama wapi na kwa muda gani na kwamba trekka itazimika, na ulihifadhi jibu lao. Bima kubwa usiiache iishe kwa kuwa gari halitembei. Moto wa makuti haungoji gari litembee.

Fundi_wa_Maweni

Kuliamsha. Kabla ya betri, tochi: tazama juu ya injini, pembeni ya betri, na ndani ya kisanduku cha filta. Nyasi, pamba ya kiti au vinyesi vikionekana, fuata waya mmoja mmoja kwa vidole, hasa waya za injekta za petroli na za koili. Ondoa wavu na waya wa eksozi. Pima oili, kulanti na oili ya breki. Kulanti ikipungua usiongeze maji ya kisima.

Rudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho, paka mafuta ya mgando juu ya taminali.   Kisha piga stati isizidi sekunde kumi. Isiposhika, pumzisha nusu dakika ndiyo upige tena. Ikishika, usikanyage gesi. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, isipozima zima injini. Saileni (mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi) huenda ikapanda na kushuka siku ya kwanza kwa sababu kompyuta ilisahau mpangilio wake, inajirudi ikiendeshwa.

Matairi uyarudishe kwenye upepo ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Diski zitakuwa na kutu nyekundu na breki zitakwaruza, hiyo inatoka baada ya kukanyaga mara kumi hivi taratibu. Hizo kanyagia hapo hapo Mokowe, kabla hujaingia barabara ya Witu.