Ushauri: kaburi la baharia lililo ndani ya shamba letu, Mkinga

Mwana wa Mikokoni (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Leo siku ya nne silali vizuri. Familia yetu ina shamba la minazi kando ya Ghuba ya Manza, wilaya ya Mkinga. Kona ya chini, karibu na mikoko, lipo kaburi moja la zamani. Tangu tuko wadogo tunaambiwa ni la baharia wa Kizungu wa enzi za vita ya Mjerumani na Mwingereza. Juu yake kuna nanga ya chuma iliyoliwa na kutu.

Naomba kujua: kaburi la namna hii linahamishwaje? Kibali anatoa nani, kijiji au ubalozi? Wenye uelewa tu, matusi sitaki.

Ngamiani Kati
Kwani anakudai kodi? Mwache alale, mkuu.

Mwalimu Mstaafu
Mleta mada, Ghuba ya Manza si jina dogo. Tarehe 14 Aprili 1915 iliingia humo meli ya Kijerumani, Rubens, ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Nyuma inakimbizwa na HMS Hyacinth, manowari ya Kiingereza. Ilibeba makaa ya mawe ya kuiokoa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha delta ya Rufiji, pamoja na silaha na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Nahodha wake, Christiansen, aliipeleka kwenye maji mafupi, ikazama huku inawaka. Waingereza wakaamini wamemaliza kazi, wakaenda zao. Wajerumani wakapeleka wazamiaji, wakaopoa mzigo, risasi wakazikausha na wakapigana nazo. Kwa hiyo baharia wa Kizungu kuzikwa huko si jambo la ajabu.

Wenzetu wanatunza wafu wao. Waingereza wana tume ya makaburi ya vita tangu 1917, Wajerumani wana chama chao tangu 1919. Mabaharia wa HMS Pegasus, ile manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, wamelala kisiwani Chapwani, na watu wanavuka maji kwenda kuwaona. Andika barua ubalozini, watakuja wenyewe.

Mpwani wa Bagamoyo
Mwalimu umenigusa. Kwetu Bagamoyo makaburi ya Wajerumani yapo pale pale ufukweni, yana ukuta, wamo waliokufa wakati wa vita ya Bushiri. Wageni wanapelekwa, wanapiga picha. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi, na baba yake vilevile. Nikiulizwa wamelala wapi naonyesha kichaka. Hilo linaniuma kila nikipita pale.

Bint Segeju
Mnajibu nisichokiona kwenye swali. Kaka, kwa nini unataka kulihamisha? Limekaa miaka yote hiyo, usingizi umekupotea wiki hii tu?

Mwana wa Mikokoni
Ni mipango ya familia tu, dada. Nimeuliza utaratibu.

Sarahangi
Nimekula chumvi ya bahari miaka 22, Tanga, Wete, Mombasa na kurudi. Kijana, nijibu moja: nanga hiyo ina makucha mangapi? Yakiwa mawili ni baura, mali ya meli. Yakiwa manne ni nanga ya vyombo vyetu.

Naona nieleze kwa nini nauliza. Ndugu yangu mdogo alichukuliwa na bahari mkondo wa Pemba, kusi imechachamaa, tumepakia mbao na magunia ya nazi. Tulizunguka mpaka jua likazama, hatukumpata. Akasaliwa swala ya ghaibu. Mama alikataa kukaa matanga, akawa anaweka sahani ya mwanawe kila magharibi mpaka arobaini. Baadaye tukachukua nanga ya lile jahazi, tukaiweka makaburini kwetu mahali patupu, mama apate pa kwenda. Mpaka anakufa alikuwa akienda pale.

Fundi Chokaa
Pole sana mzee. Na mimi niulize: limejengwa kwa nini? Zege, au matumbawe na chokaa? Mashahidi, yale mawe ya kichwani na miguuni, yapo?

Mwana wa Mikokoni
Mzee Sarahangi, shikamoo. Nimeenda kuangalia jioni hii. Makucha ni manne, moja limekatika.

Fundi, ni matumbawe na chokaa. Mashahidi yapo mawili. Ukutani kulikuwa na sahani mbili za maua zimepachikwa, imebaki moja. Kuna maandishi pia kwenye lipu, herufi za Kiarabu, mengi yamefutika.

Bint Segeju
Na hilo hukulisema mwanzo! Baharia gani wa Kizungu anaandikiwa kwa Kiarabu na kupachikiwa sahani? Nenda Tongoni ukaone makaburi ya wazee wetu, ukute mashimo ya sahani zilizobanduliwa. Huyo ni wa kwetu. Nani alikuwa analifagia?

Mwana wa Mikokoni
Bibi yangu. Kila Shaabani alikuwa anafagia, anafukiza udi, anamwaga maji ya marashi. Ukimuuliza anakwambia "mgeni wetu huyo", basi.

Sasa niseme ukweli. Shamba nimeshaliuza, na malipo ya awali nimepokea, milioni 6 kati ya 14. Mnunuzi anajenga vyumba vya wageni, anataka kiwanja kisiwe na kaburi. Hela nimenunulia mashine ya boti. Tumekubaliana Jumamosi vijana watatu waje walitoe.

Msinihukumu. Bibi amefariki 2019, tangu hapo hakuna aliyefukiza udi. Wazee wote wanasema Mzungu. Mimi nina watoto wanne na boti niliyokuwa nasukuma kwa pondo. Mkate utoke wapi?

Ngamiani Kati
Kumbe ushauri ulishajipa mwenyewe, unatafuta mashahidi.

Ustadhi wa Mabawa
Kaburi la Muislamu halifukuliwi kwa sababu ya biashara. Aliyezama ana daraja ya shahidi. Muogope Mola wako, kijana.

Kijana wa Chumbageni
Wakuu, hii ni chai. Tazameni inavyopikwa: kaburi, nanga, Mjerumani, sahani ya kale, maandishi yasiyosomeka. Kesho atasema wamekuta sanduku la rupia. Hivi ndivyo wanavyovuliwa wanaotafuta mali za Mjerumani. Mjomba wangu aliuza ng'ombe sita kumlipa mtu mwenye "ramani", wakachimba chini ya mbuyu mwezi mzima, wakapata mizizi. Mpaka leo hazungumzi na watoto wake. Halafu huyu jamaa alianza na Mzungu, mzee kauliza makucha, Mzungu akageuka Mswahili. Weka picha.

Mpwani wa Bagamoyo
Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Picha, kaka.

Mnunuzi Makini
Hiyo sahani iliyobaki unaiuza? Njoo ujumbe wa faragha.

Mwana wa Mikokoni
Mnunuzi Makini, sahani siuzi. Picha sitaweka, nyinyi wenyewe mnaona nani anasubiri hapa.

Kijana wa Chumbageni, pole kwa mjomba wako. Hakuna ramani wala sanduku. Unataka ushahidi? Ile sahani ya kwanza niliibandua mimi, nina miaka 19. Nilimuuzia mtu aliyekuja na pikipiki anatafuta vitu vya kale, akanipa elfu thelathini. Bibi aliona shimo Shaabani iliyofuata. Hakuuliza kitu. Alipaka chokaa pale kwa kiganja chake, alama za vidole zipo mpaka leo. Jioni hii nimeweka vidole vyangu juu yake. Sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu hajui.

Kijana wa Chumbageni
Nimesoma mara mbili. Nafuta neno langu.

Ustadhi wa Mabawa
Nami nilikuwa mkali. Yale maandishi, hebu nitajie herufi zinazoonekana, moja moja, kutoka kulia.

Mwana wa Mikokoni
Nilisoma chuoni kidogo, nimenakili kwa kalamu. Juu kabisa: nuni, alifu, khee, dhali, alifu. Kisha jina, limebaki mimu tu. Chini kuna tarakimu: moja, tatu, halafu pamemeguka.

Ustadhi wa Mabawa
Hiyo inasomeka nahodha. Moja na tatu ni mwanzo wa mwaka wa Hijria, elfu moja mia tatu na kitu.

Mwalimu Mstaafu
Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Basi ni baada ya hapo. Huenda aliishi kuiona Rubens ikiwaka, huenda hakuiona. Nilikimbilia meli za watu, naomba radhi. Kuhusu utaratibu: ile Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inahusu ardhi inayotwaliwa kwa matumizi ya umma. Haikupi wewe ruhusa ya kuita vijana na sururu. Nenda serikali ya kijiji kabla ya Jumamosi.

Fundi Chokaa
Kona ya mikokoni hata kujenga haifai, maji chumvi yatakula msingi. Mwambie mnunuzi mpime upya, hatua kumi kwa kumi zibaki nje ya mauzo, punguza bei. Lipu nitakuja kurudishia, chokaa nitabeba mwenyewe.

Mwana wa Mikokoni
Nimempigia. Anasema atafikiria, ila hela akikosa kiwanja chote anaitaka yote. Mashine nimeshaifunga kwenye boti.

Bint Segeju
Na vijana umewaambia wasije?

Sarahangi
Jumamosi nashuka Mkinga na gari la alfajiri. Sitaki kukugombeza. Nataka kuiona hiyo nanga, na nimsomee Yasini nahodha mwenzangu. Vijana wako wanafika saa ngapi?

Mwana wa Mikokoni
Saa tatu, mzee. Njoo kabla ya saa mbili. Nitakungoja barabarani.